Mzee wa Gongo na lile neno juu ya mshale

Jumapili usiku binti mmoja wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), aliniandikia: "Shikamoo kaka. Oganiki inanimaliza. Nimekariri mimenyuko yote ya alkeni lakini nikiingia chumba cha mtihani inachanganyika. Nihamie HGL?"

Marahaba mdogo wangu. Usihamie kwanza huko kwenye Historia, Jiografia na Kiingereza, nikusimulie yangu.

Nilikuwa kidato cha sita, mtihani wa majaribio. Swali lilikuwa jepesi: 2-bromopropani ikichemshwa na potasiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, utapata nini? Nilipoona tu potasiamu haidroksaidi, mkono ukaandika wenyewe: propani-2-oli, ambayo ni alkoholi. Nilikuwa nimeikariri hivyo. Lile neno "ethanoli" juu ya mshale wa mlinganyo sikulisoma kabisa. Ingekuwa kwenye maji, ningekuwa sahihi. Kwenye ethanoli ya moto haidroksaidi hung'oa haidrojeni ya kaboni jirani, bromini nayo huondoka, na kinachobaki ni propeni, mojawapo ya hizo alkeni, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni zenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Swali la kuondoa, mimi nimejibu la kubadilisha.

Mwalimu akaisoma karatasi yangu mbele ya darasa zima. "Huyu tumempa eliminesheni, yeye katupikia gongo." Watu walicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo nikawa Mzee wa Gongo, na hadi leo kwenye grupu letu la WhatsApp kuna watu wazima, wana watoto shuleni, bado wananiita hivyo. Halafu propani-2-oli yenyewe hainyweki! Ni ile ya kwenye vitakasa mikono. Kama ni kutania, basi tutanie kwa kemia sahihi.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa madaftari na mbu tu. Kilichonifungua kilitoka kanisani, kwenye mstari wa Mathayo: mwenye nacho ataongezewa, na asiye nacho, hata kile alicho nacho atanyang'anywa. Nilikaa pale kwenye benchi nikaona alkeni.

Sikiliza. Mwaka 1870 Markovnikov, mwanakemia Mrusi, alitoa kanuni yake: HBr (haidrojeni bromaidi) ikijiongeza kwenye alkeni, kati ya zile kaboni mbili za kifungo maradufu, haidrojeni huenda kwa yenye haidrojeni nyingi tayari. Mwenye nacho kaongezewa. Mwaka 1875 Zaitsev, Mrusi mwenzake, wote wanafunzi wa Butlerov kule Kazan, akaja na ya kuondoa: haidrojeni hutoka zaidi kwa kaboni jirani yenye haidrojeni chache. Asiye nacho kanyang'anywa. Mstari mmoja, mimenyuko miwili.

Sasa chukua but-1-eni uiongezee HBr. Haidrojeni inakwenda kaboni ya kwanza, bromini ya pili: 2-bromobutani. Ichemshe na potasiamu haidroksaidi kwenye ethanoli ili uondoe ulichoongeza. Ungetegemea kurudi ulikotoka, sivyo? Hutarudi. Kaboni ya kwanza ina haidrojeni tatu, ya tatu ina mbili, kwa hiyo anayenyang'anywa ni wa tatu, na kinachopatikana kwa wingi ni but-2-eni. Siku nilipoelewa hilo niliruka kitandani, mwenzangu wa kitanda cha chini akadhani kuna nyoka.

Kwa hiyo ushauri wangu: soma juu ya mshale. Kuna maji au ethanoli? Kuna peroksaidi? Ikiwepo, HBr inaigeuka kanuni ya Markovnikov, na ni HBr tu, usiipeleke kwa HCl. Nyuzi joto ngapi? Ethanoli na asidi ya salfuriki kali kwenye nyuzi 170 hivi inakupa etheni. Kwenye 140, ethanoli ikiwa nyingi, unapata etha. Viambato ni vilevile. Soma juu ya mshale, mdogo wangu. Vijana wa siku hizi mnataka picha za madesa mkariri usiku wa mwisho, mnafika chumbani mnalia. Kemia haina huruma na mvivu wa kusoma neno moja. Soma juu ya mshale!

Kwenye mtihani wa taifa nilipata B ya Kemia. Mwalimu yule hakuwahi kuniambia hongera, na sisemi kitu.

Binti nilimtumia lile swali la but-1-eni bila jibu. Saa tano usiku akarudisha: "But-2-eni, kaka. Kwani ni gumu?" Sikumwambia kwamba mimi lilinichukua wiki nzima.