Chuo ni chako, si cha baba

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha 6 kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati), baba anataka usome sheria, wewe moyo uko kwenye umeme wa jua. Mzazi anaheshimiwa, lakini atakayekesha na vitabu ni wewe. Na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Tanzania) ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kabla ya kuomba chuo, shinda wiki nzima na fundi sola wa mtaani kwenu, juu ya bati, jua la saa saba. Ukishuka bado unataka kujua kwa nini betri inakufa mapema, omba uhandisi wa umeme. Baba akiwa mkali, mtangulize mjomba akazungumze naye.