Kumwona mgonjwa wa macho kwa simu: niliyojifunza Malindi mwaka 2020

Kafyu ya korona ilianza Machi, na Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale. Kliniki yetu ya macho ikabaki na wagonjwa wa dharura tu. Hofu ilikuwepo. Kumpima mtu jicho ni kukaa naye uso kwa uso, na Dkt. Li Wenliang wa Wuhan, aliyefariki kwa korona Februari mwaka huo, alikuwa daktari wa macho. Basi tukahamia WhatsApp.

Picha za mwanzo hazikufaa. Nyingi zilipigwa usiku, na mwanga wa flashi uliangukia palepale nilipotaka kuona. Nikaanza kuelekeza: mgonjwa akae mlangoni mchana, mwenzake ampige kwa kamera ya nyuma, kioo chake kikiwa kimefutwa. Avute kope la chini, atazame juu, kisha chini. Jicho lisilouma nalo lipigwe, nilinganishe.

Mama mmoja aliniambia, "Daktari, mtoto kaingia mchanga tu, nimeshamtia dawa ya dukani." Picha ya mlangoni ilionyesha doa jeupe, dogo kama kichwa cha pini, juu ya mboni. Hicho ni kidonda. Nikamwomba anipigie picha na kile kichupa: dawa ilikuwa na steroidi. Hiyo hupunguza wekundu, mzazi akadhani mtoto anapona, kumbe kidonda kinazidi kuchimba. Nikamwambia aiache, asilifunge jicho kwa bandeji, waje asubuhi ileile. Walikuja.

Kupima uoni tulitumia kalenda ya ukutani. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, soma, halafu badilisha. Usiruke hatua hii: macho yote mawili yakiwa wazi, lililo zima humficha mwenzake.

Walioninyima usingizi ni wenye glakoma, ugonjwa ambao mara nyingi presha ya jicho huharibu neva ya kuonea, kwani presha hiyo haipimwi kwa picha, na mara nyingi mgonjwa hahisi chochote. Niliwaandikia wasikatize matone, wabonyeze kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili baada ya kutia, na majina yao nikayaweka kwenye daftari. Juni njia zilipofunguliwa, hao ndio niliowaita kwanza.

Uoni ukipotea ghafla, ukiona kama pazia linashuka, au jicho likiuma hadi kutapika, usihangaike na picha, njoo. Chokaa au sanitaiza ikiingia, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi. Simu utanipigia ukiwa njiani.