Maswali Yenu: Mtaro mpya mkubwa, mbona maji ndo yamezidi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mtaani kwetu mafuriko yalikuwa madogo tu, maji ya kwenye kifundo cha mguu, basi tukachangishana, karibu kila mwenye nyumba akapiga pevingi ua mzima, na ule mtaro wa udongo tukaujenga upya kwa zege, mpana, umenyooka kama rula. Msimu huu maji yameingia mpaka sebuleni kwa majirani wa kule chini karibu na kalavati, na sasa wanatununia sisi wa juu. Kosa letu nini? – Jirani wa Juu

JIBU: Jirani pole, ila wa chini wana haki ya kununa. Ule mtaro wa zamani wenye kona na majani ulikuwa unayachelewesha maji, yaani zile kona mlizoziona kero ndo zilikuwa breki, sasa mmezitoa breki halafu mkaongeza mzigo. Piga hesabu kidogo: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikinyeshewa milimita 50 kinapokea lita 20,000. Zamani sehemu ilizama ardhini na nyingine ikatembea taratibu, leo karibu zote zinatoka getini ndani ya muda mfupi, na nyumba 100 zikifanya hivyo ni lita milioni 2 zinazofika kwenye kalavati lilelile ambalo hakuna aliyelipanua, tena saa ingine nusu yake imejaa chupa na mchanga.

Usiniamini mimi, chukua ndoo ya maji umwage kwenye pevingi, halafu ndoo nyingine chini ya mti wenye majani makavu. Ya kwanza utaikimbiza kwa macho mpaka barabarani. Ya pili inazama ikibubujika vibubujiko vidogo, hewa inatoka kwenye vishimo vya mizizi na wadudu. Ila angalia, udongo ulioshindiliwa na magari nao haunyonyi, kwa hiyo kung'oa pevingi peke yake bila kuutifua na kupanda kitu ni kazi bure.

Singapore nao walikuwa na mfereji wa zege wa mto Kallang, umenyooka vizuri tu kama wenu, kilomita 2.7. Kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio wakauvunja, wakaurudishia kona na kingo za majani, ukawa kilomita 3.2, kazi ikaisha 2012. Siku za kawaida watu wanapumzika pale kwenye nyasi, mvua ikija maji yanapanda taratibu na kutanda kwenye bustani, na bustani haina sebule ya kuharibika. Ninyi hamna bustani ya ukubwa huo najua, lakini kiwanja cha mpira kikichimbwa kidogo kinaweza kushika maji kwa masaa machache, na kila ua ukibomoa hata robo ya pevingi ukaweka shimo la kunyonyea, kalavati linapumua. Anzeni ninyi wa juu, ndo mmeanzisha. Na asije mtu akawaambia itamaliza kila kitu: Zhengzhou kule China walishajenga miundombinu ya "mji sponji", yaani mji unaonyonya maji ya mvua kama sponji, ila tarehe 20 Julai 2021 ikashuka milimita 201.9 kwa saa 1, hakuna shimo la kunyonyea la kushindana na hiyo, kwa mvua kama ile kinachookoa watu ni kupewa tahadhari mapema na kutojenga kwenye njia ya maji.

SWALI: Wamekata miti mikubwa kupanua barabara, wameahidi kupanda mingi zaidi. Usiku sasa hapalaliki kwa joto. Hiyo miche itafidia? – Dada Asiyelala

JIBU: Kwa miaka mingi hapana, dada. Lami na zege vinameza jua mchana kutwa halafu vinalitema usiku, na mti mkubwa ulikuwa unavizuia visipate hilo jua, huku wenyewe ukitoa jasho kupitia majani. Medellín, Colombia, kuanzia 2016 walipanda njia za kijani 30 kandokando ya barabara na mikondo ya maji, joto likashuka kama nyuzi 2 kwenye njia hizo, ila kule kulikuwa na watu wa kuitunza kila siku. Msiulize idadi ya miche, ulizeni mizizi itaenda wapi na nani atamwagilia miaka miwili ya mwanzo, maana mche uliochomekwa kwenye tundu la saizi ya beseni katikati ya zege nshaona mingi, inabaki fimbo.

SWALI: Tangi la kuvunia maji ya mvua linapunguza mafuriko?

JIBU: Likiwa tupu, ndio. Paa la mita za mraba 100 kwa milimita 50 linajaza tangi la lita 5,000 kwa mvua moja tu, inayofuata inapita juu kwa juu. Ukisikia utabiri wa mvua kubwa, fua, mwagilia, jaza ndoo, upunguze maji yaliyomo kwanza.