Waridi la jangwani limebadili ua: jibu kwa mwalimu wa Ipagala

SWALI: Bwana shamba, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ipagala hapa Dodoma. Mwaka juzi kijana wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam waridi la jangwani, muuzaji akamwambia ni chotara la Thailand. Ua lake lilikuwa rangi ya damu ya mzee, petali zimepangana tabaka tatu. Mwaka huu mvua zilipokatika mmea umerefuka ghafla na kutoa maua ya pinki yenye petali tano tu, kama yale ya kila mahali. Jirani anasema umechoka. Kijana anayenikatia majani anasema ni chumvi ya maji ya kisima. Umezaa pia pembe mbili za mbegu. Nikizipanda nitalipata ua langu la kwanza? Na jambo dogo la mwisho, shina limelegea upande mmoja karibu na udongo.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo ninaloanza nalo, maana ua linaweza kusubiri, shina haliwezi.

Libonyeze kwa kidole gumba, mzunguko mzima. Likiwa limelegea pande zote sawasawa na ngozi imesinyaa kama ya embe lililosahauliwa kabatini, hiyo ni kiu tu. Mwagilia, litajaa tena baada ya siku chache. Lakini wewe umesema upande mmoja. Kidole kikizama na kuacha shimo, na ukikwangua ganda kwa ukucha ukakuta nyama ya kahawia badala ya nyeupe, huo ni uozo.

Utoe mmea kwenye chungu leo hii. Kung'uta udongo wote. Chukua kisu chenye makali, kifute kwa spiriti, kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye nyama nyeupe inayotoa utomvu, na ukifute tena kila baada ya mkato. Usiache hata doa la ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti; doa hilo ndilo litakalokurudisha kwangu mwezi ujao. Jeraha likikauka utomvu, lipake unga wa salfa, ule ule wakulima wetu wa zabibu wanaoutumia kwa ugonjwa wa ubwiriunga. Kisha uning'inize mmea kivulini penye upepo, mizizi wazi, wiki mbili. Najua inatia huruma kuuona hivyo, ila lile tumbo la shina ni ghala la maji, utavumilia.

Vaa glovu. Utomvu wa mmea huu una sumu inayoshambulia moyo, na zamani wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale. Mabaki yachimbie chini. Ipagala mbuzi ni wengi na hawana adabu.

Chanzo cha uozo nakibashiri bila kuuona mmea. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho waridi la jangwani halina ugomvi nacho, isipokuwa karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Kama chungu kimejazwa udongo mweusi wa mbuga na chini kuna kisahani, mmea umekaa ndani ya uji miezi minne. Halafu inakuja Juni na Julai, usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, majani yanapukutika na mmea unalala. Hapo ndipo wengi tunaumaliza. Mwaka wangu wa kwanza na mimea hii nilipoteza vyungu 11 mwezi Julai, vyote kwa mkono wangu mwenyewe: niliona majani yanadondoka, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji.

Wiki mbili zikiisha, panda upya kwenye chungu cha udongo chenye tundu, kisahani kiondoe. Mimi huchanganya ndoo mbili za mchanga wa korongo wenye chembe kubwa, ndoo moja ya kokoto ndogo au tofali la kuchoma lililopondwa, nusu ndoo ya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, na kopo la chenga za mkaa. Usimwagilie mpaka uone majani mapya, hata kama ni Septemba. Mmea upate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku.

Sasa ua. Mmea haujachoka, na maji ya kisima hayabadilishi ua. Chumvi yake huchoma ncha za majani, basi. Ukweli ni kwamba kwenye chungu chako kuna mimea miwili. Chotara za maua ya tabaka hubebeshwa, kama tunavyobebesha miembe: chini ni mche wa kawaida uliooteshwa kwa mbegu, juu kikonyo cha ile aina unayoipenda. Kilichochanua safari hii ni mche wa chini.

Hakikisha mwenyewe. Shika tawi lenye ua la pinki, lifuate kwa kidole kushuka hadi linapoanzia. Mahali fulani juu ya tumbo utaona kovu, mara nyingi lenye umbo la V, au kifundo kinachozunguka shina, na ganda la juu yake halifanani vizuri na la chini. Tawi likiwa limeanzia chini ya kovu, hilo ni otea. Ukilifuata shina juu ya kovu utakikuta kikonyo chako, pengine kifupi, kimezibwa na majani ya mwenzake. Ukikikwangua kidogo na ndani ni kijani, bado kipo hai.

Muuzaji aliposema Thailand hakudanganya, ila alisema nusu. Waridi la jangwani lenyewe ni la huku kwetu: linaota porini Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na ng'ambo ya bahari huko Uarabuni. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliliandika baada ya kulikuta Yemen, maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775, miaka 12 baada ya kufa kwake. Na jina la kitaalamu, Adenium, limetokana na Aden. Wakuzaji wa Thailand na Taiwan ndio walioyapandanisha kwa vizazi hadi wakapata petali za tabaka na rangi hizo nzito, na baadhi ya chotara zina damu ya ndugu yake wa kusini, Adenium swazicum. Kwa hiyo chini ya kovu ni mwenyeji na juu ni mgeni, na mwenyeji akiachwa atawale atammeza mgeni, kwa sababu yeye ndiye mwenye mizizi na maji yanapita kwake kwanza.

Mbegu za pembe hizo ni za mwenyeji pia, kwa kuwa zimetoka kwenye ua la pinki. Na hata zingetoka kwenye ua la damu ya mzee, watoto wa chotara hawafuati mama. Wangetoka wa kila aina, wengi wao wa petali tano. Usizitupe lakini. Zifunge pembe kwa uzi zisipasuke, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo wetu wa Agosti utazipeleka hadi Kikuyu ya hapa Dodoma. Ukizipanda zikiwa mbichi kwenye mchanga wenye joto, huota ndani ya wiki moja hivi, nawe utapata miche ya kubebeshea. Kukata tawi na kulichomeka kunawezekana, ila tumbo lake halinenepi kama la mche wa mbegu, nami sipendi sura yake.

Nakuomba usifanye kazi mbili siku moja. Mmea uliokatwa mizizi unahitaji majani ya kuulisha, kwa hiyo maotea yaache hadi Septemba. Hapo, kama kikonyo ki hai, kata kila otea sawasawa na shina bila kuacha kisiki, kwa sababu kisiki huchipua mara tatu. Kila mvua ikinyesha pitia tena chini ya kovu. Vichipukizi vichanga hubanduka kwa kidole tu. Mbolea ya urea usiweke kabisa, italeta majani na maotea. Kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 pembeni mwa chungu mwezi Desemba kinatosha.

Kama kikonyo kimekufa, tutabebesha upya Oktoba, joto likiwa juu na mvua hazijaanza. Ninao mti wa damu ya mzee hapa kitaluni, nitakukatia kikonyo. Mmea wako usiumwagilie siku tatu kabla ya kuja, utomvu usitiririke kwenye mkato, na uulete asubuhi.