Sirapu ya kuongeza kinga shule zikifunguliwa?

Dada, umeuliza kama umnunulie wako wa darasa la pili sirapu ya kuongeza kinga, kwa kuwa kila Januari shule zikifunguliwa anaanza mafua. Mimi hela hiyo ningenunua mayai na dagaa. Mafua anaambukizwa na wenzake darasani, huko wamebanana kwenye dawati moja. Kunawa mikono kwa sabuni kutamsaidia kuliko chupa hiyo.

Anza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kama anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, basi saa mbili usiku awe kitandani, tamthilia mtamalizia wenyewe. Asubuhi mpe uji wa ulezi wenye maziwa au karanga za kusaga, si chai ya rangi na andazi. Chai inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye maharage na mboga. Embe au chungwa linayaongeza, na Januari embe zimejaa sokoni.

Akikohoa usiku, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatuliza kweli. Ila mdogo wake ambaye hajatimiza mwaka usimlambishe hata tone, kuna bakteria wanaoweza kumdhuru vibaya. Na hiyo ya kumkamulia kitunguu saumu puani, tafadhali acha kabisa, inaunguza. Akihema haraka au mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, wahi kituo cha afya saa hiyo hiyo.