Nyie mnaoanza mishumaa ya manukato, tambi zenu zitaniua

Wiki hii nimetumiwa picha ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mshumaa umechimbika katikati kama kisima, nta ya pembeni imekaa vilevile haijaguswa, na chini ya picha swali ni lile lile: "Dada, niongeze mafuta ya harufu?" Hapana mdogo wangu. Harufu haina kosa lolote hapo. Utambi wako ni mdogo kwa gilasi uliyoichagua, na ukizidisha mafuta utauzamisha kabisa. Nimelijibu hili swali mpaka naliota usiku, kwa hiyo leo naandika yote kwa pamoja, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Nunueni mizani jamani. Asilimia 8 kwenye gramu 200 za nta ni gramu 16 za mafuta, siyo mililita 16, siyo vifuniko viwili, siyo "nilikadiria tu dada". Na nta ikisema mwisho wake asilimia 10 basi ni 10, ukipita hapo haibebi, mafuta yanatoka juu kama jasho na moto nao unaanza vituko.

2. Joto. Mimi kwa nta ya soya naweka mafuta ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 85, nakoroga taratibu dakika mbili kamili, halafu naiacha ishuke mpaka 60 hivi ndo namimina, ila nta yako inaweza kutaka kingine kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo. Dakika mbili kwa saa, siyo dakika mbili za moyoni. Kuna kijana nilikuwa namfundisha, anakoroga huku anajibu meseji, sekunde kumi keshamimina, mshumaa ulipoganda tukakuta mafuta yote yamejikalia chini kwenye kitako cha gilasi. Tena akanikazia kwamba aliogopa harufu isipae kwa sababu kwenye chupa pameandikwa flashi pointi. Flashi pointi ni joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kushika moto ukikutana na mwali, haina uhusiano na harufu kukimbia. Hilo nalo nimelisema mara ngapi sijui.

3. Utambi. Hapa ndo nilipotaka kufika, na hapa naomba msinicheke, au chekeni tu ila mmalize kusoma.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mshumaa mmoja ninaouamini kama ndugu, gilasi yenye upana wa sentimita 7, utambi nimeshaujaribu mpaka basi. Nikapata oda ya mishumaa 60 ya kuweka mezani kwenye sherehe. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mama mwenye sherehe akaniletea gilasi zake mwenyewe, pana, sentimita 9, nzuri mno, na siku zilizobaki zilikuwa tisa. Sasa mimi nilishawahi kuaibika na mshumaa uliochimbika kisima, nikaapa sitarudia, kwa hiyo sikupanda saizi moja ya utambi nikajaribu, hapana, nikaruka saizi tatu kwa mpigo ili niwe na uhakika. Uhakika wa nini, Mungu ndo anajua. Nikawasha mmoja kama dakika ishirini, moto umetulia, umependeza, nikazima nikasema hii imekubali. Dakika ishirini! Mshumaa kwenye dakika ishirini za kwanza ni kama mgeni siku ya kwanza, kila mtu ana adabu siku ya kwanza. Na moyoni nilijiambia kabisa kwamba kuwasha mpaka mwisho ni mambo ya wanaoanza.

Siku yenyewe nimealikwa, nimependeza, nimekaa kona napokea pongezi. Saa ya kwanza raha tupu. Saa ya pili naona mioto imerefuka, inacheza wakati upepo hakuna, kwenye ncha za tambi masizi yamejikusanya kama uyoga mweusi, masizi yanapanda shingo za gilasi, nikajipa moyo kwamba gizani hayaonekani. Saa ya tatu nikasikia "tak!" meza ya pembeni. Gilasi imepasuka, nta inatambaa kwenye kitambaa cheupe, watu wanavuta viti nyuma. Sikusubiri ya pili. Nikaanza kuzunguka meza moja baada ya nyingine nazima mishumaa huku natabasamu kana kwamba iko kwenye ratiba, na kuna meza moja wakanipigia makofi, walidhani ni sehemu ya shughuli. Mishumaa yote 60 nimeizima hivyo, mapafu yanauma na tabasamu halijashuka.

Hakuna aliyeungua, nashukuru. Na harufu yenyewe, niwaambie ukweli, hakuna aliyeisikia, maana nta ya soya inayotaka wiki mbili za kutulia kabla ya kuwashwa mimi nilikuwa nimeipa siku tano. Kesho yake nikarudisha hela yote, na kitambaa nikalipia. Mama wa watu hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, si ungeniambia hujawahi kuijaribu gilasi hii." Bora angenitukana.

Ile iliyobaki nikaenda kuiwasha bafuni na daftari mkononi, naandika kila nusu saa. Kila kitu kilichotokea ukumbini kilitokea pale bafuni, kwa mpangilio ule ule, na dalili ya kwanza ilishaonekana kabla saa mbili hazijatimia. Yaani jioni moja tu ya kukaa nyumbani ingeniokoa. Gilasi moja yenye shingo nyeusi nimeitunza kabatini, na kila anayekuja kujifunza namwonyesha hiyo kabla hata hajavaa aproni.

Kwa hiyo kujaribu ni hivi: washa kwa muda wa saa 4, zima, acha ipoe kabisa, kata utambi ubaki milimita 5, washa tena, endelea hivyo mpaka ibaki nta ya kama sentimita moja chini. Mpaka huko chini, kwa sababu gilasi inazidi kuchemka jinsi moto unavyoshuka, na wengi wenu mnaridhika na nusu ya juu. Nta kidogo kubaki pembeni siku ya kwanza siyo dhambi, mara nyingi moto ukishashuka inayeyuka yenyewe. Ukibadilisha gilasi, nta, rangi au hata harufu tu, huo ni mshumaa mpya, unaanza upya, ndiyo najua inachosha.

4. Maua makavu juu ya mshumaa. Hizo ni tambi za ziada, toa.

5. Harufu zenye vanila hugeuza nta kuwa na rangi ya krimu mpaka kahawia, ni vanilini hiyo, haijaharibika, ila usimuahidi mteja mweupe wa pamba.

6. Nta inayeyushwa kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, na wewe upo hapo hapo. Ikishika moto usimwage maji hata kidogo, zima jiko, funika na mfuniko. Hii siitanii.

7. Uso wa mshumaa ukiganda na vishimo, pitisha drayer ya nywele. Basi, hamna haja ya kulia.

8. Bei. Hesabu gilasi, mfuniko, lebo, utambi, ile mishumaa uliyoichoma kwenye majaribio, na muda wako, halafu ndo utaje bei. Mimi mwaka wa kwanza niliuza sana kwa marafiki, kila mtu "nakuunga mkono", nikawa na furaha mpaka siku niliyokaa na kalamu nikagundua kila nikiuza mshumaa ndo nazidi kuwa maskini, yaani rafiki yangu mkubwa kuliko wote, aliyechukua kumi, ndo aliyenipa hasara kubwa kuliko wote na yeye anajua amenisaidia, mpaka leo sijamwambia na sina mpango.

Yule wa picha nimemwambia apande saizi moja ya utambi. Moja. Ajaribu mpaka chini, aandike, ndo anirudie. Akajibu "sawa dada, asante sana". Baada ya dakika tano kanitumia meseji nyingine: "Na nikiweka tambi tatu kwa pamoja?"

Gilasi yake ni sentimita 7.