Dayari yangu iko Notepad na sitafuti apu nyingine

Watu wakisikia naandika dayari kwenye kompyuta swali la kwanza ni unatumia apu gani, nikiwaambia Notepad, ile ile inayokuja na Windows, wanadhani nawafanyia mzaha. Haya, ngoja nieleze leo nipumzike.

Mimi niko Lamu, huku Langoni, napika mahamri na mbaazi za oda nyumbani, na laptopu niliyonayo ni kuukuu niliachiwa na kakangu. Zamani nilikuwa mtu wa madaftari lakini hewa ya huku si mnaijua, unyevu na chumvi, karatasi inalegea mpaka wino unatambaa, na yale niliyoweka chini ya kabati mchwa washayasoma yote. Kompyuta nayo chumvi inaila ndio, ila faili unaweza kulihamisha.

Sasa siri ya Notepad ni hii. Fungua faili jipya, mstari wa kwanza kabisa andika .LOG, yaani nukta halafu hizo herufi tatu kubwa, usiache nafasi mbele yake, sevu, funga. Ukilifungua tena utakuta limejiwekea saa na tarehe pale mwisho na kishale kinakungoja uandike, na kila ukifungua ni hivyo hivyo. Ukitaka tarehe katikati ya maneno bonyeza F5. Basi. Hakuna kujisajili, hakuna kuulizwa baruapepe, hata intaneti ikiwa imekata wewe unaandika tu. Mimi naona dayari nyingi zinakufa kwa sababu mtu anatumia wiki nzima kuchagua rangi na picha ya juu halafu siku ya kuandika yenyewe hamu imeshaisha.

Na usiogope kujaza mashini. Maandishi matupu kama haya herufi moja ni baiti 1, kwa hiyo ukurasa wa herufi 2,000 ni kama kilobaiti 2, ukiandika ukurasa kila siku mwaka mzima haufiki hata megabaiti 1. Picha moja tu ya simu inakula zaidi ya hapo.

Lakini faida kubwa ninayoipata mimi ni kutafuta, Ctrl na F, na hapa kuna ujanja ambao maelezo ya Kizungu hayatakupa manake lugha yetu neno linabadilika kichwa. Ukitafuta "nimelipa" utapata nimelipa peke yake, sasa kule ulikoandika hajanilipa, atalipa kesho, malipo ya harusi, vyote vinakupita. Tafuta "lip" tu. Itakuletea na alipokuja, nilipofika na wenzao, lakini si neno, utaruka. Mtoto akiwa na homa nataka kujua mara ya mwisho aliumwa lini, naandika "umw" napata naumwa, aliumwa, wameumwa, wote. Nimemaliza ubishi mwingi wa madeni ya mahamri kwa herufi tatu hizo za lip, namwonyesha mtu tarehe na saa mpaka anacheka mwenyewe.

Jengine la kuzingatia sisi wa huku, kompyuta haijui Ramadhani. Inakuwekea tarehe za Januari mpaka Disemba, na mwezi wetu kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo ukitaka kulinganisha Ramadhani ya 1445 na ya 1446, miaka ya Hijria, huwezi kusema nitazame mwezi fulani. Andika mwenyewe kwa mkono, "Ramadhani 1445", "Mfungo Sita" yaani mwezi wa Maulidi, chochote, alimuradi uandike vile vile kila mara. Mimi naandika hata upepo, kusi limeingia, kaskazi imeanza, kwa sababu kusi likichafuka samaki anapanda bei na oda zangu zinageuka, na baada ya muda unaanza kuona mambo yako yanavyokwenda.

Anayetaka picha na vichwa vya habari atumie Word, au LibreOffice ambayo ni ya bure na inafanya kazi ile ile. Kwenye Word tarehe ni Alt, Shift na D. Ile mistari myekundu chini ya Kiswahili chako isikutie wazimu, ingia File, Options, Proofing, utoe alama pale pa kukagua tahajia unapoandika. Na ukipanga faili moja kwa kila siku, jina lianze na mwaka, 2025-03-02, zitajipanga zenyewe, ukianza na siku utakuta tarehe 2 za miezi yote zimekaa pamoja halafu huelewi.

Siri za moyoni sasa. Notepad haina kufuli, na nyumba zetu hizi laptopu ni ya wote, binamu anaingia kutazama mpira. Word unaweza kuitia pasiwadi, File, Info, Protect Document, lakini ukiisahau hiyo pasiwadi Microsoft wenyewe hawatakufungulia, imekwenda. Na jueni Word ikifunguliwa inaonyesha orodha ya faili za karibuni, kwa hiyo usiliite faili "Siri Zangu", liite "risiti za gesi" hakuna atakayeligusa. Bora zaidi kila mtu awe na akaunti yake kwenye Windows, yenye pasiwadi.

Kila Ijumaa nakopi kwenye flashi, na flashi haikai mkoba mmoja na laptopu. Stima ikikatika ghafla kitu ambacho hujasevu kimepotea, Ctrl na S iwe kama kupumua.

Na kama kuandika ni mzigo kwako kabisa, hutaki sentensi, tumia Excel. Safu ya kwanza tarehe, unabonyeza Ctrl na nukta-mkato inajiweka, ya pili pesa iliyoingia, ya tatu pesa iliyotoka, ya nne maneno matano tu ya siku hiyo. Shoga yangu anafanya hivyo, ya kwake imenona kuliko yangu, na ya nne yenyewe mara nyingi kaandika "joto, wageni, nimechoka".